Tumekata milingoti (mikaratusi) yote kando ya kijito, huu mwaka wa tatu, mbona maji hayarudi?

#1 Mwana wa Kijito
Wakuu salama? Nina jambo linanisumbua sana, naomba mawazo yenu.

Kwetu ni Njombe vijijini, kuna kijito kinapita chini ya mashamba. Babu alikuwa anatusimulia kwamba enzi zake hakikauki, hata Novemba unakuta kina mama wanachota, na mimi mwenyewe nimekikuta hivyo mpaka nafika darasa la nne. Baadae mzee na majirani wakapanda milingoti bondeni, miaka ya tisini hiyo, maana ndo ilikuwa hela: mirunda, nguzo, kuni za kuchomea tofali. Nimesomeshwa na hiyo miti, siikani. Ila kijito kikaanza kupotea, kwanza Novemba, kisha Oktoba, mwisho ikawa ikifika Agosti ni tope na kwato za ng'ombe basi.

2021 tukakaa kikao kaya tisa, tukakubaliana kukata yote ndani ya mita 60 kila upande. Agosti tukaingia na chenso, kama mashina mia tatu na kitu. Tukapanda mivengi 120 (miti yetu ya asili ya bondeni), mikuyu kidogo, na matete. Mwaka wa kwanza hamna kitu. Wa pili hamna kitu. Msimu wa El Nino 2023/24 maji yakajaa mpaka yakabeba daraja la miti, nikasema haya sasa. Leo Oktoba 2024 nimeshuka bondeni, pakavu. Mivengi iliyo hai nimehesabu 41. Palipokuwa na milingoti pamejaa magugu ya lantana na miti ya miwati imeota kama nywele. Na wazee waliokuwa hawataki kukata wananiuliza hela ya miti iko wapi na maji yako wapi.

Tumekosea wapi?

#2 Kiti cha Mbele
Ngoja waje wajuzi, nimekaa.

#3 Fundi Mirunda
Pole mkuu. Mimi niko Mafinga, hii miti ndo inanilisha kwahiyo ujue kabisa naongea kutoka upande gani. Mlingoti unasingiziwa. Panda juu ya hicho kijito chako kilomita mbili tatu uniambie umekuta nini. Njombe ya leo ni parachichi kila kilima, na parachichi kiangazi linataka maji, watu wanatega pampu usiku. Mnakata miti huku chini wakati maji yanaishia huko juu, mtakata mpaka mwembe wa bibi.

#4 Mwana wa Kijito
@Fundi Mirunda pampu nazijua tatu, ila za kwanza zimekuja 2022. Kijito kilikuwa kinakauka Agosti tangu 2010 huko. Hilo haliingii kwenye hesabu.

#5 Fundi Mirunda
Sawa, lakini linaweza kuwa linaelezea kwanini HAKIRUDI hata kama halielezi kwanini kiliondoka. Ni maswali mawili tofauti hayo.

#6 Dada wa Vinyungu
Hapo kaka Fundi kasema kitu. Mimi nauliza lingine, visiki mlivifanyaje? Maana kukata mlingoti sio kuua mlingoti. Kwetu Wanging'ombe walikata bondeni kwa shangwe mpaka mwenyekiti akapigwa picha, mwaka uliofuata kila kisiki kina machipukizi manne matano, na yale yanakua kwa mizizi ileile ya mti mzima. Ukiangalia unasema umeondoa mti mmoja kumbe umepanda mitano.

#7 Mwana wa Kijito
@Dada wa Vinyungu ndo hivyohivyo. Tulifyeka machipukizi mara mbili, 2022 na mwanzoni mwa 2023, baadae watu wakachoka kila mtu akarudi shambani kwake. Sasa hivi nakadiria nusu ya visiki vina miti unene wa mkono.

#8 Msitu Ndani
Hapo sasa tumeanza kupata jibu. Mimi ni wa Olmotonyi, chuo cha misitu, nimefanya kazi hizi miaka kadhaa. Kisiki cha mlingoti kikate chini kabisa, karibu na udongo uwezavyo, kisha ubandue ganda lote mpaka chini ya usawa wa ardhi, maana macho ya kuchipua yako kwenye ganda hasa pale kwenye nundu ya shina. Ukiacha kipande cha ganda kama kiganja kitachipua hapohapo. Wengine wanapaka dawa ya kuua magugu kwa brashi juu ya kisiki kibichi, ndani ya dakika chache baada ya kukata kabla utomvu haujaziba. Nasema KUPAKA, usije ukapiga bomba kando ya maji.

Na using'oe visiki ukingoni. Kisiki kikifa kikiwa ardhini kinashikilia ukingo mpaka miti mipya ipate mizizi. Nimeona mahali walileta greda wang'oe kila kitu, masika moja tu ukingo wote ukaingia mtoni.

#9 Kijana wa Makambako
Sisi tunamwagia oili chafu ya pikipiki kwenye kisiki kinakufa fasta, bei rahisi.

#10 Msitu Ndani
@Kijana wa Makambako ndugu yangu, kando ya maji? Hiyo oili mvua ya kwanza iko kwenye ndoo ya mama yako. Acha kabisa.

#11 Kijana wa Makambako
Sawa mkuu, nimeelewa. Kwetu ni mbali na mto lakini nimeelewa.

#12 Bwana Takwimu
Watu wasisahau mlingoti mmoja unakunywa lita 200 kwa siku!! Mia tatu mara mia mbili piga hesabu wenyewe.

#13 Msitu Ndani
@Bwana Takwimu hiyo namba inazunguka kila mahali haina maana ikiwa peke yake. Mti wa unene gani, aina gani, umesimama kwenye maji au kilimani pakavu, mwezi gani? Mlingoti kwa kila kilo ya mbao hautumii maji mengi kuliko miti mingine, tena una nafuu. Shida ni kwamba unatengeneza kilo nyingi haraka na hauna msimu wa kulala, kwahiyo eka moja ya milingoti inakausha kuliko eka ya majani au ya msitu uliozoea pale. Wenye kuitetea wanataja ile ya kilo, wenye kuichukia wanataja ya eka, na wote wanasema kweli.

#14 Mbongo wa Kapi
Nimesoma nikashindwa kunyamaza. Niko Afrika Kusini, Western Cape, na hii kazi ya kuondoa miti ya kigeni mtoni nimeifanya kwa mikono yangu misimu miwili. Mleta uzi usikate tamaa, sikiliza.

Huku kuna mabonde yalipimwa kitaalamu yanaitwa Mokobulaan, upande wa Mpumalanga. Walipanda milingoti kwenye bonde lililokuwa la majani, wakawa wanapima kijito. Mwaka wa tatu maji yakaanza kupungua, mwaka wa tisa kijito kikakauka kabisa. Miti ilipofika miaka 16 wakaikata yote. Unajua maji ya kudumu yalirudi lini? Baada ya miaka MITANO. Maelezo yao ni kwamba ile mizizi haikunywa mvua ya mwaka tu, ilishuka ikanywa akiba ya chini iliyokuwa inalisha kijito kiangazi. Ukikata, mvua inaanza kwanza kujaza lile ghala lililokauka, likijaa ndo kijito kinapata chake.

Wewe una miaka mitatu, na nusu ya visiki viko hai vinaendelea kunywa. Kwa maoni yangu bado hujakosea, hujamaliza.

#15 Mwana wa Kijito
@Mbongo wa Kapi mkuu nimeisoma hii mara tatu. Asante sana. Nitamsomea mzee.

#16 Fundi Mirunda
Usikimbilie kumsomea mzee. @Mbongo wa Kapi hebu tuwe wakweli, hilo bonde lilipandwa lote, kilima chote, likakatwa lote. Mwenzetu kakata mkanda wa mita 60 pembeni ya maji, kilima chote juu bado ni milingoti na paini za watu. Ghala litajaaje wakati wanywaji wako palepale mlangoni? Miaka mitano inaweza ikawa hamsini.

#17 Mbongo wa Kapi
Hiyo hoja ni ya haki, siipingi. Ila mti ulio ukingoni miguu iko majini unakunywa mwaka mzima hata wakati wa kilimani umebana, ndo maana huku wanaanza na mito. Serikali ya huku ilianzisha mpango 1995, waziri wa maji wakati ule alikuwa Kader Asmal, wanaajiri watu wasio na kazi kuondoa miti ya kigeni kwenye vyanzo, unaitwa Working for Water. Adui mkubwa mitoni mmoja wapo ni miwati, hiyohiyo ya kwenu. Na somo walilolipata kwa gharama ni kwamba kukata mara ya kwanza ndo sehemu rahisi. Mbegu ya mwati inakaa ardhini miaka na miaka inasubiri. Ukifungua jua likagonga udongo, au ukichoma matawi palepale, unaziamsha zote kwa pamoja. Hebu sema, matawi mliyachoma?

#18 Mwana wa Kijito
Tulichoma. Palepale bondeni. Daah.

#19 Dada wa Vinyungu
Pole kaka. Wengi tungefanya hivyohivyo.

Miwati ing'oe sasa ikiwa na urefu wa goti, mvua ikinyesha udongo ukiwa laini inatoka kwa mkono mmoja na mzizi wake wote. Ukisubiri mwaka utahitaji panga, ukisubiri miwili utahitaji chenso tena. Sisi tulifanya na watoto wa shule Jumamosi, kila mmoja mafungu kumi ndo anapata uji.

#20 Wa Kangema
Niaje wote, mimi ni Mkenya, Murang'a. Hii maneno tumeipitia. 2009 Mheshimiwa Michuki akiwa waziri wa mazingira aliamuru hizi miti zikatwe karibu na maji, na yeye alikuwa mtu wa kwetu kabisa kwahiyo watu walishindwa kumkatalia. Babangu alikata zote za mtoni. Wengine walikata moja wakaacha tano. Kwetu mto ulirudi, sio kama zamani lakini unapita mwaka mzima. Kwa jirani hapo ridge inayofuata walikata pia, haukurudi. Mpaka leo tunabishana kwanini na ni mto wa ukubwa uleule.

Kumbukeni pia hizi miti zilikuja Kenya 1902 kwa sababu ya kuni za gari la moshi. Haikuwa mpango wa maji, ilikuwa mpango wa reli.

#21 Bwana Takwimu
Si sheria inasema mita 30 kutoka mtoni?

#22 Wa Kangema
Kwetu ni kati ya 6 na 30 kutegemea upana wa mto, na inahesabiwa kutoka mahali mafuriko ya juu kabisa yalifika. Bongo ni 60.

#23 Wakili wa Bonde
Niongeze hapo. Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya 2004 kifungu cha 57 inakataza ndani ya mita 60 shughuli za kudumu au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu mto. Haisemi "kata mlingoti" kwa jina. Nasema hivi kwa sababu nimeona vijiji wanaitumia kumfyekea mtu miti yake bila kikao wala fidia, kisha kinyungu (bustani ya bondeni) cha kiongozi kinaachwa mita tano kutoka majini. Mleta uzi nyie mlikaa kikao kaya zote tisa, hilo pekee ni jambo la kushika.

#24 Dada wa Vinyungu
Vinyungu tena jamani 😀 Mahindi mabichi mnayokula Desemba mnadhani yanatoka wapi?

#25 Wakili wa Bonde
Nakula dada, tena namaliza. Ila kinyungu cha mita tano hapana.

#26 Marigat
Mimi niko Baringo, kwetu sio milingoti ni mathenge, ile miiba. Ilipandwa miaka ya themanini kuzuia jangwa na kutoa kuni, na kweli kuni imetoa. Lakini imeshuka na mto Perkerra, imefunga njia za ng'ombe kwenda majini, imefunga malisho. Mbuzi wanapenda maganda yake maana ni matamu, sukari inawaozesha meno, na kila mahali mbuzi anapokwenda anapanda mwingine kwa mavi yake. Watu wetu walienda kortini 2006 na mbuzi asiye na meno kama ushahidi. Serikali ikaitangaza gugu haribifu 2008.

Sasa ninachotaka kusema. Tuliambiwa choma makaa uimalize. Ukiikata inatoa machipukizi ishirini, na mtu anayechoma makaa akishazoea hela hataki iishe. Kwahiyo mpango wa kumaliza mti kwa kuuza mti una kasoro ndani yake. Mleta uzi angalia hayo machipukizi yasije yakawa mradi wa mtu.

#27 Mwana wa Kijito
@Marigat umenigusa. Kuna kaya mbili nimesikia wanasema "acha tu yakue kidogo yawe mirunda".

#28 Fundi Mirunda
Na mimi nisiseme uongo, mrunda wa chipukizi ni mzuri, umenyooka. Wanunuzi watakuja. Lakini kama mlikubaliana kwenye kikao basi mimi kwa upande wangu sinunui wa mita 60.

#29 Kiti cha Mbele
Fundi umenifurahisha leo.

#30 Wa Kagera
Huku ni magugu maji. Yanashuka na mto Kagera kutoka Rwanda yanaingia ziwani. Miaka ya tisini yalijaa mpaka mitumbwi haipiti, wakaachia wadudu wale wanaokula majani yake, Uganda 1995, Kenya 1997, na sisi pia tukafuga. Kuja kushtuka yamepungua sana. Mpaka leo huku kuna wanaosema ni wadudu na wanaosema ni mawimbi na mawingu ya El Nino ya 97/98 ndo yaliyavunja. Wavuvi wakongwe wanagombana kabisa. Baadae yakarudi.

#31 Bwana Takwimu
Na mlingoti hauna mdudu?

#32 Msitu Ndani
Upo, wa kuvimbisha majani unasumbua miche, lakini wenye mashamba wanampiga vita maana kwao ni hasara. Hapo ndo tofauti na magugu maji. Gugu maji halina mwenyewe, mlingoti una mwenyewe na ada ya shule ndani yake.

#33 Mjukuu wa Mbena
Shikamooni wakubwa. Nimesoma mpaka hapa hakuna aliyesema hili nalisema mimi. Bibi yangu anasema pale penye chanzo hapakuwa pa kuingia hovyo. Palikuwa na miti yake, na mtu wa kufanya tambiko, na nyoka ambaye hauawi. Walipoingia kupanda milingoti walikata ile miti ya kwanza, mwenye maji akahama. Nyumbanitu, msitu wa jadi wa hukohuko Njombe, mpaka leo umesimama na kuku wake weusi kwa sababu hakuna anayethubutu kukata. Kwahiyo bibi anasema mnarudisha miti lakini hamjaomba.

#34 Bwana Takwimu
Nyoka hatoi maji mkuu.

#35 Mbongo wa Kapi
@Bwana Takwimu usimjibu bibi hivyo. Sheria yake ililinda chanzo miaka mia bila afisa hata mmoja. Mimi nasoma alichosema hivi: chanzo kilikuwa na msitu wake hapo KICHWANI, na huo ndo ulikatwa kwanza. @Mwana wa Kijito huko kwenye chemchemi yenyewe kuna nini sasa hivi?

#36 Mwana wa Kijito
Chemchemi iko kwenye shamba la kaya ya kumi. Hawakuwa kwenye kikao. Kuna milingoti.

#37 Dada wa Vinyungu
Mmmh.

#38 Fundi Mirunda
Nilisema panda juu.

#39 Mwana wa Kijito
Ulisema pampu mkuu 😀 ila sawa ulisema panda juu.

Mwenyewe ni mama mjane, hiyo milingoti kama themanini ndo akiba yake, mtoto yuko chuo. Siwezi kwenda kumwambia kata. Sijui nianzie wapi kwakweli.

#40 Wakili wa Bonde
Msimwendee na sheria mkononi. Kaya tisa mnaweza kumnunulia ile miti kwa bei ya soko kidogokidogo, au mumpe eneo kilimani apande mingine nyie mkapande kwa nguvu zenu. Andikeni, muweke mashahidi.

#41 Mama Mivengi
Habari zenu. Mimi nina kitalu cha miti ya asili, nimekuja kwa sababu ya hiyo 41 kati ya 120. Mwanangu mivengi ulipandaje na ulitoa wapi miche?

#42 Mwana wa Kijito
Shikamoo mama. Mbegu tulikusanya wenyewe, tukaanika juani wiki mbili kama maharage kisha tukahifadhi mpaka mvua. Ziliota chache tukaongezea miche ya kununua. Tukapanda wazi kabisa juani, mistari mitatu.

#43 Mama Mivengi
Marahaba. Mbegu ya mvengi haianikwi mwanangu. Ukiikausha imekufa. Tunda likiiva jeusi unaosha nyama, unapanda wiki hiyohiyo kwenye udongo wenye unyevu na kivuli. Na mche wa mvengi ukiwa mdogo unapenda mwenzie wa kumkinga. Sio lazima ukate kila kitu siku moja. Mimi ningekuambia ungeanza kupanda chini ya milingoti iliyopunguzwa, mivengi ikifika kiunoni ndo unaondoa mlingoti wa juu yake. Jua kali namna hiyo ndo limekuletea lantana.

Mkuyu ni rahisi zaidi, chukua gogo la tawi unene wa mkono, mita na nusu, chomeka ukingoni mwanzo wa mvua. Matunda yakija ndege na nyani watakuletea mbegu nyingine bure, hao ndo wapandaji wenyewe.

#44 Msitu Ndani
@Mama Mivengi mimi nakubali kwa miche, ila kuacha milingoti juu na hii hali ya maji ya mwenzetu sikubaliani. Kila mwaka unaoiacha inanyonya.

#45 Mama Mivengi
Na kila mwaka wa jua tupu unaua miche na kuleta magugu. Nimejaribu zote mbili mwanangu, yangu imesimama.

#46 Kiti cha Mbele
Mbona hakuna anayesema wapande mianzi ya ulanzi, maji na kinywaji pamoja.

#47 Dada wa Vinyungu
Nilikuwa nasubiri ulanzi utatajwa post ya ngapi, ni ya 46. Ukingo wote mtalala hapohapo.

#48 Msitu Ndani
@Mwana wa Kijito kabla hujafanya lolote chimba mashimo mawili, moja katikati ya bonde mlipokata, lingine umbali uleule kutoka kijitoni ila penye milingoti iliyobaki. Uone unyevu unaanza wapi. Ndo utajua ghala linajaa au la.

#49 Mwana wa Kijito
Wakuu nimerudi, siku nane zimepita. Tulichimba mimi na mdogo wangu. Kwenye milingoti tumeenda mita tatu na nusu, vumbi, mizizi mpaka chini, tukaacha maana kuta zilikuwa zinamong'onyoka. Tulipokata, udongo umeanza kushikana mkononi kwenye mita mbili na robo, na kwenye mita tatu kidole kinatoka na tope. Maji ya kuchota hapana. Tope.

Mzee kashuka mwenyewe kwenye shimo, kafinyanga, kakaa nalo mkononi muda mrefu hakusema kitu.

#50 Mbongo wa Kapi
Linajaa hilo!!

#51 Fundi Mirunda
Au ni mabaki ya El Nino. Chimba tena Oktoba ijayo tuone. Nasema kwa nia njema.

#52 Msitu Ndani
Ni haki, chimbeni tena mwakani palepale. Na mfunike hayo mashimo ng'ombe asitumbukie.

#53 Mwana wa Kijito
Tumefunika. Jumamosi tunaanza kung'oa miwati, kaya saba zimesema zitakuja. Kwa yule mama ataenda mke wangu kwanza.

#54 Mama Mivengi
Matunda ya mvengi ya huku kwangu yakianza kuiva nitakuambia, uje na gunia lenye unyevu usije na turubai la kuanikia.